Maganda ya Baba: Jinsi Nilivyoonja Muratina Thika na Ruiru

Kuanzia foleni ya kinu cha unga hadi mlango wa kanisa, swali ni lilo hilo: ilikuwaje mimi Wanjiku, ambaye hata soda nangoja povu liishe ndipo ninywe, nikashuka kwenye lori Jumapili mchana nikinuka muratina kama pipa? Ndugu yangu Njoroge amekwisha kuwapa hadithi yake, na katika hadithi yake yeye ndiye shujaa. Hii ni yangu.

Mwanzo wake mnaujua. Njoroge alitaka kumuoa Nyokabi, na babake Nyokabi, Mzee Karanja, ni mtu wa kusamehe mbuzi aliyekonda lakini si pombe iliyoharibika. Uchumba kwetu hauendi bila muratina, pombe ya asali au miwa inayochachushwa kwa maganda makavu ya tunda, na muratina ya uchumba hutoka nyumbani kwa mwanamume. Sasa nyumba yetu haina baba. Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mitano, mama alikuwa ametangulia, na mimi nikaacha darasa la saba nikabaki na watoto wawili: Muthoni wa miaka minane na Njoroge wa sita. Nilijifunza kukamua, kupalilia, kushona viraka na kutisha wezi wa kuku. Kupika pombe sikujifunza, kwa sababu ni kazi ya wanaume na mwanamume wetu alikuwa bado anakojoa kitandani.

Kwa hiyo mara ya kwanza tulinunua mtungi mmoja sokoni. Mzee Karanja alipiga funda moja, akalishika mdomoni, akatoka nje. Tukasikia likianguka chini. Akarudi akaketi.

"Hii imechachushwa na hamira," akasema. "Mimi nilizaa msichana. Sikuoka mkate."

Akatupa wiki mbili. Tukija tena na hamira, kuna mwalimu wa huko Nyeri amekwisha kuleta salamu za uchumba. Nyokabi alilia nyuma ya jiko, na Njoroge naye akalia nyuma ya ghala akidhani sikumwona.

Katika sisi watatu, anayekumbuka ladha ya pombe ya baba ni mimi peke yangu. Nilikuwa nikimtwangia miwa kwenye kinu, na siku ya kuchuja nililamba vidole. Nikamwambia Njoroge, "Chukua mitungi. Tunakwenda Thika, huko bado wanapika. Wewe utakunywa, mimi nitajua."

Kinangop hadi Thika, juu ya kabichi

Tulipanda lori la kabichi Ijumaa asubuhi. Nilibeba viazi vya kuchemsha, mitungi mitatu mitupu ya plastiki na pembe ya ng'ombe ambayo baba alikuwa akinywea, iliyovunjika kidogo mdomoni. Juu ya kabichi tulimkuta mama mmoja wa kikundi cha maombi anayekwenda Thika kwa mkutano. Akatazama mitungi. Akatazama pembe. Akanishika mkono.

"Mama, una watoto?"

"Wawili," nikasema, maana ndivyo ninavyojibu siku zote.

"Na huyu kijana ni mteja?"

"Huyu ni mmoja wa hao watoto."

Alifumba macho akaanza kuniombea niache biashara ya pombe. Nilijaribu kumweleza, lakini mtu akiwa anazungumza na Mungu huwezi kumkata kauli. Aliomba kutoka Njabini hadi msituni, na huenda angeniokoa kabisa kama lori halingezama kwenye matope.

Dereva alizungusha magurudumu mara mbili akasema, "Shukeni. Na kabichi zishuke."

Tulishusha kabichi zote. Tuliunda mstari kupanda kilima, abiria kwa abiria, tukirushiana kabichi kama watoto wanaocheza mpira, hadi lori likawa jepesi likajivuta. Kisha tukazipakia tena. Mama wa maombi alidaka vizuri kuliko wote. Tulipoketi tena, tukala viazi vyangu na chumvi yake, akaniuliza tena ninakwenda kufanya nini hasa. Safari hii nikaeleza yote.

"Kwa hiyo ni ya harusi?"

"Ni ya harusi."

"Basi Bwana Yesu mwenyewe alianzia huko," akasema, akaanza kuomba upya, mara hii kwa upande wetu.

Tulifika Thika jioni, matope hadi magotini, tukalala kwa binamu yetu Makongeni.

Makongeni: nyumba mbili na chapati nne

Asubuhi ya Jumamosi hatukujua pa kuanzia. Pembeni mwa nyumba za binamu alikuwepo Mama Zena, mwanamke wa Kiislamu anayepika chapati chini ya kipande cha bati. Nikanunua chapati nne, nikamuuliza kwa aibu kama anajua wapi wanapika muratina halisi.

"Mimi pombe siinywi wala siigusi," akasema, akigeuza chapati kwa vidole vitupu. "Lakini nyumba zote nazijua. Wakitoka huko wana njaa, waja kwangu. Anayetoka kwa yule wa mlango wa kijani huja ameshika kichwa. Anayetoka kwa Mzee Gatheru huja anaimba. Sasa wewe chagua, mwanangu."

Njoroge akataka kwanza kwa mlango wa kijani. "Dada, si tumesema tunaonja? Huwezi kujua nzuri kabla ya mbaya."

Tulikwenda. Huko alitupokea kijana mchangamfu mwenye mapipa mawili. Akachota, Njoroge akanywa, akanipa pembe. Nilichovya ulimi tu. Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi, na chini ya utamu kulikuwa na kitu kilichouma kama betri ya redio.

"Vipi, mathe?" kijana akauliza. "Si iko poa?"

"Maganda yako wapi?" nikauliza. "Ya muratina."

Akacheka. "Maganda ni ya wazee. Mimi natumia sayansi."

Sayansi ilikuwa pakiti ya hamira juu ya dirisha. Ndiyo hiyo hiyo aliyoitema Mzee Karanja. Tukamshukuru, tukaondoka, Njoroge akishika kichwa tayari.

Mzee Gatheru alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Mtungi wake ulikuwa mkubwa, wa kibuyu, umefunikwa blanketi karibu na makaa kama mgonjwa. Kibali cha chifu alikitundika ukutani kando ya picha ya harusi yake. Aliniona mlangoni akainua mkono.

"Hapo hapo. Mwanamke akiinama juu ya mtungi, pombe inalala, haichachuki."

"Mzee, mimi siji kunywa. Naja kuonja."

"Tofauti ni gani?"

Mwishowe tulikubaliana. Mimi niketi nje ya ua, juu ya jiwe, na Njoroge alete pembe. Ikaletwa. Nikaonja: safi, ina uchungu mzuri, lakini si ya kwetu. Nikaomba ya mtungi wa pili. Ikaletwa, imepungua. Nikaomba ya wa kwanza tena ili nilinganishe. Ikaletwa nusu. Safari ya nne pembe ilifika ikiwa na tone moja, na Njoroge akifuata nyuma yake kwa tabasamu pana.

"Barabara ni mbovu," akasema. "Inamwagika."

Mzee Gatheru mwenyewe akatoka kuona mwanamke gani huyu anayerudisha pombe yake. Akaketi ukingoni mwa ua.

"Inakosa nini?"

"Haikosi kitu, guka. Ni nzuri. Lakini ya baba ilikuwa na moshi ndani yake. Si moshi wa kuungua. Moshi wa nyumba."

Akanitazama kwa makini zaidi. "Moshi hautoki kwa miwa wala kwa maji. Unatoka kwa maganda. Baba yako aliyatundika juu ya moto?"

"Kwenye gunia, juu ya meko."

"Basi unatafuta nini kwangu? Maganda mazuri hayafi. Unayachemsha, unayakausha, unayatumia, unayakausha tena. Mtu anarithi kwa babake. Ya baba yenu yako wapi?"

Hapo nikacheka, kwa sababu nina hadithi kuhusu hayo, na nimeisimulia miaka mingi, nanyi mmeisikia. Siku chache baada ya mazishi, alikuja mzee mmoja wa Ruiru kwa baiskeli, ncha ya sikio lake la kushoto imekatika. Akaona gunia la yale maganda makavu, takataka tupu, akaniuliza kama atayachukua. Akanipa debe zima la maharagwe! Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilimlaghai mtu mzima. Tulikula maharagwe yale hadi mvua.

Njoroge alicheka pamoja nami, maana hadithi hii kakulia nayo. Mzee Gatheru hakucheka.

"Debe moja?" akauliza.

"Limejaa hadi juu."

"Msichana," akasema polepole, "uliuza ng'ombe kwa maharagwe."

Njoroge akaacha kucheka kwa kuchelewa kidogo, kama gari lisilo na breki. Niliona kitu kimoja wazi kabisa: hakuna mtungi Thika nzima utakaonisaidia. Pombe ya kumtoa Nyokabi kwa yule mwalimu niliitoa mwenyewe nyumbani kwa mikono yangu.

"Huyo wa sikio yuko hai?" nikauliza.

"Mimi simjui. Lakini pale kwenye maporomoko ya Chania kuna mpiga picha wa Ruiru. Hakuna harusi wala mazishi ya Ruiru ambayo hajapiga. Muulize yeye."

Chania, ambapo niliozwa

Mpiga picha alituona kabla hatujamwona. Alikuwa na kamera shingoni na kofia ya kitambaa.

"Karibuni wapenzi! Sogeeni hapa, maji yaonekane nyuma. Bwana harusi, mshike mkono bibi."

"Huyu ni dada yangu," Njoroge akasema.

"Wote husema hivyo wakiogopa bei. Mkono begani, bwana! Mbona unamshika kama jembe?"

Maji yalikuwa yanavuma, na Njoroge alikuwa amekunywa kwa Mzee Gatheru zaidi ya nilivyojua, kwa hiyo akaniwekea mkono begani kweli akasimama wima. Picha ikapigwa. Nimeitundika ukutani: mimi nimekunja uso na mtungi kila mkono, na yeye anatabasamu kama aliyepewa shamba.

Nilipopata nafasi nikamuuliza kuhusu sikio. Mpiga picha hakufikiri hata kidogo.

"Huyo ni Mzee Mbugua. Nimempiga mara saba kwenye uchumba wa watu, na kila mara anageuza upande wa kulia. Anaishi ng'ambo ya mashamba ya kahawa, karibu na mto. Utanusa nyumba yake kabla ya kuiona."

Kabla ya kuondoka tulinunua mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Njoroge alikula matatu, akajimwagia maji ya mferejini kichwani. "Dada," akasema, maji yakimtiririka, "akikataa, tutasema nini?"

Nikampa hindi langu.

Ruiru: vibuyu vitatu

Mpiga picha alisema kweli. Tuliposhuka matatu Ruiru tulipita katikati ya mistari ya kahawa kwa mguu, jua likiwa bado juu, na ghafla nikasimama. Njoroge alinigonga mgongoni.

"Nini?"

"Nyumbani," nikasema. Harufu ilikuwa ile ile. Sikuihitaji pembe.

Mzee Mbugua alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe pamoja na mkewe. Ndiyo, maharagwe. Alikuwa amezeeka na kusinyaa hadi hata sikio lake zima, la kulia, lilionekana dogo. Sikujitambulisha. Nilimsalimia, nikatoa pembe kwenye kikapu ili niombe kuonja, naye akaitazama pale ilipovunjika.

"Iliangushwa na mbuzi," akasema. "Siku ya kutahiriwa kwa mwanangu mbuzi alimpiga baba yako teke. Wewe ni yule mkubwa."

Mkewe akapiga makofi. "Yule wa maharagwe! Ngai, mbona umechelewa hivi?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Chania. Yote yalinitoka. Nikasema tu kwamba ndugu yangu anaoa, kwamba tumerudishwa mara moja, kwamba nimekuja kuomba maganda ya baba, na kwamba najua nilikula mali yake.

Mzee alimwambia mkewe alete vibuyu vitatu, akatujazia pembe mara tatu, kila mara baada ya kuisuuza.

"Onjeni. Kimoja tu kati ya hivi kimepikwa na maganda ya baba yenu. Mkikijua, tutaongea."

"Mimi kwanza," Njoroge akasema, akanywa zote tatu bila kupumzika. "Ya pili. Wazi kabisa. Naisikia hata kwenye magoti."

"Magoti yako hayakumjua baba yako," mzee akasema. "Wewe, mkubwa. Njoo karibu. Mimi sina ushamba huo wa mwanamke na mtungi."

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipokunywa, na nakiri. Kulamba kusingetosha. Ya kwanza ilikuwa ya asali, laini, na moshi ulikuja mwishoni kabisa, nyuma ya koo. Nikafikiri: ndiyo hii. Ya pili ilikuwa ya miwa, kali, na moshi ukaja tena. Nikababaika. Ya tatu ilikuwa chachu mno, ya siku nyingi, kiasi kwamba nilikunja uso kama kwenye picha, lakini nilipomeza, pale pale nyuma ya koo, moshi wa meko yetu ukanikaa.

Nikanywa tena zote. Kichwa kilianza kuwa chepesi. Njoroge alikuwa akiniashiria vidole viwili: ya pili, ya pili.

"Mzee," nikasema, "umenidanganya. Ni zote."

Mkewe akaanza kucheka, na mzee akaweka maharagwe yake chini.

"Sina maganda mengine," akasema. "Yangu yaliliwa na mchwa mwaka ule ule baba yenu alipokufa. Asali, miwa, siku mbili au siku sita, lakini mama yao ni mmoja."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba alipokuwa mgonjwa alimtuma mtu kwake: nikifa, njoo uchukue maganda kabla watoto hawajayachoma. Na alipofika kwa baiskeli yake, alinikuta mimi nimepiga magoti kwenye meko, nayatia motoni moja moja, nayavunja ili yawake vizuri.

"Ulikuwa umekwisha kuchoma kama kumi," akasema. "Ningesema ni mali, ungeona nakunyang'anya. Ningesema ni takataka, ungeendelea kuchoma. Watoto wawili walikuwa wanalia njaa. Basi nikasema nanunua."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwachekesha watu kwa hadithi ya jinsi nilivyomlaghai mzee wa Ruiru.

"Kwa nini hukuyarudisha?" Njoroge akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Nilikuwa nangoja mwanamume wa nyumba hiyo aje kuyadai," mzee akasema. "Sikujua nangoja huyu."

Alitugawia nusu. "Yenu nusu, yangu nusu. Yenu yakifa mtakuja kwangu, yangu yakifa nitakuja kwenu." Tukalala hapo, na Jumapili alfajiri akamfundisha Njoroge, ambaye mara hii hakunywa hata tone: maji vuguvugu kiasi gani, blanketi lini, kusikiliza mtungi ukizungumza. Mimi nilikaa kando nikipanga maganda kwenye kikapu. Yalikuwa bado mabichi, yametoka mtungini asubuhi ile, na mzee alikataa yawekwe kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu yangekosa hewa.

Kwa hiyo niliyapakata. Kutoka Ruiru hadi Thika, na kutoka Thika hadi nyumbani kwenye lori lile lile, sasa tupu, yalinivujia mapajani. Hiyo ndiyo harufu mliyoisikia. Msiniulize tena.

Kwa Mzee Karanja

Jumamosi iliyofuata tulipanda kwa Mzee Karanja na mtungi wa Njoroge. Wanaume waliingia sebuleni, nami nikakaa na wanawake mlangoni, Nyokabi amenishika sketi kwa nyuma kama mtoto anayevuka barabara.

Mzee Karanja alinusa pembe. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Akanywa, akalishika funda mdomoni, na mimi nikatazama mlango, kwa kuwa nilijua njia aliyopitia mara ya kwanza. Hakuinuka. Akameza.

"Nani amepika?"

"Mimi," Njoroge akasema.

"Na nani alionja?"

Njoroge angeweza kusema ni yeye, na mimi ningemwachia. Alinyoosha kidevu kunielekea.

Mzee Karanja akanitazama juu ya vichwa vya watu. Kisha akafanya jambo ambalo shangazi zake Nyokabi bado wanalijadili: akainua pembe ya baba na kuninyooshea mimi, mwanamke, mbele ya wazee wote.

"Njoo umalize."

Nikavuka chumba. Nikamaliza.

"Haya," akasema, akijipangusa masharubu, "sasa tuzungumze mbuzi." Na hapo ndipo shida zetu za kweli zilipoanza, lakini hizo ni za mbuzi, na mbuzi hawana uhusiano na safari hii.

Maganda sasa yako juu ya paa la jiko, yanakauka kabla sijayatundika juu ya moto. Jana jirani yangu Mama Wairimu, ambaye mumewe hajaleta kitu nyumbani mwezi huu, alisimama kwenye uzio, kiberiti mkononi, akiyatazama. Akaniuliza, kama ni takataka, achukue machache ya kuwashia jiko.

Nikamwambia aweke kiberiti chini kwanza. Kisha nikaingia ghalani, nikampimia debe la maharagwe, limejaa hadi juu.